Wazee wetu na pombe: tuulize kabla ya kutenga

Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili, makanisa yetu yameandika ripoti nyingi. Tumeandika juu ya wakimbizi, juu ya wamama waliobakwa, juu ya vijana, juu ya shule na banki zilizofungwa. Yote hayo yalipaswa kuandikwa. Lakini katika ripoti tulizosoma, mzee anaonekana mara mbili tu: katika hesabu ya waliokimbia na katika hesabu ya waliozikwa. Katikati ya hizo hesabu mbili kuna maisha, na ndani ya maisha hayo, kwa wazee wengi wa paruwasi zetu, pombe imeingia na imekaa.

Hatusemi juu ya mlevi wa barabarani anayeimba usiku. Huyo kila mtu kwenye kartiye anamjua. Tunasema juu ya baba wa miaka karibu 70, aliyekuwa shemasi, anayetuma mjukuu butikani kila saa kumi ya jioni na chupa iliyofungwa ndani ya karatasi. Tunasema juu ya koko mjane anayeuza kasiksi kwa kulisha wajukuu sita, anayeonja kila mtungi kabla ya kuuza, na siku hizi anaonja sana. Hao hawapigani, hawatukani mtu. Siku ya yenga wako kwenye benchi la mbele. Kwa hiyo hakuna anayeuliza.

Tuanze na sababu. Mhubiri akijibu kwamba sababu ni dhambi, amesema neno la kweli ambalo halimsaidii shemasi anayekwenda kumtembelea huyo mzee kesho.

Mzee wa Kivu amepoteza vitu kwa mfululizo, si kwa siku moja. Yule aliyefanya kazi SOMINKI, huko Kamituga au Kalima, aliona kampuni inafungwa mwaka 1997, na wengi wa wenzake walizeeka wakingoja pesa za mwisho. Yule aliyelima migomba aliona ugonjwa wa mnyauko ukiingia mashambani katika miaka ya 2000 na kukausha shamba zima. Mwalimu mstaafu alikuwa na pesa kidogo inayopita banki. Banki za Goma na Bukavu zilipofungwa mwaka 2025, hata hicho kidogo kikawa safari, kamisyo na kusubiri. Waliokuwa katika kambi za kuzunguka Goma, kama Bulengo, waliambiwa waondoke mwezi wa pili 2025, na wengi wao walirudi vijijini mahali ambapo nyumba haiko tena. Kule Beni, Lubero na Ituri, wazee wanalala msituni wakiogopa ADF, na mzee hakimbii kama kijana. Juu ya hayo yote, mtoto aliyepaswa kumzika baba yake anazikwa na baba yake.

Kuna tena jambo la usingizi, na hili tunalisikia kila mahali. Mzee anasema: "Pasta, mimi sinywi kwa kufurahi, ninakunywa ili nilale." Anasema kweli jinsi anavyoiona. Aliyesikia mabomu usiku anaogopa usiku. Pombe inamfanya asinzie haraka. Lakini nguvu yake ikipungua, saa nane au saa tisa ya usiku, usingizi unakatika, moyo unapiga, na mawazo yote yanarudi yakiwa makali kuliko yalivyokuwa jioni. Kesho yake anaongeza kidogo. Hivyo dawa aliyojichagulia inamletea ugonjwa uleule aliotaka kuutibu. Wengi hawajawahi kuelezwa jambo hilo, na tumeona mzee akinyamaza muda mrefu baada ya kulielewa.

Wanaochunguza mambo haya wanatofautisha watu wa namna mbili. Wako waliokunywa tangu ujana na wakazeeka nayo. Na wako walioanza, au walioongeza, baada ya miaka 60, kwa sababu ya kufiwa, ya kustaafu, ya kuhama. Inakadiriwa kwamba hao wa pili ni kama theluthi moja ya wazee wenye shida ya pombe. Kwetu, baada ya miaka 30 ya vita, hatungeshangaa wakiwa zaidi. Na habari njema ni kwamba hao wa pili kwa kawaida wanasaidika vizuri, kwa sababu wanayakumbuka maisha bila pombe, hayako mbali.

Lazima tuseme pia juu ya kasiksi yenyewe, maana wenzetu wa miji mikubwa wanaizungumzia kana kwamba ni sumu iliyotoka kuzimu. Kwa Bashi, na kwa makabila mengi ya milima yetu, pombe ya ndizi ilikuwa na kazi yake: mahari, matanga, kupatanisha waliogombana, kumpokea mgeni. Mzee ndiye aliyepewa kwanza, na alikunywa akiwa na watu. Kulikuwa na siku ya kunywa na siku ya kutokunywa, kwa sababu migomba haikomai kila siku. Kilichobadilika ni kwamba leo anakunywa peke yake, kila siku, na kitu kikali zaidi: kanyanga, lotoko, au ile chupa ndogo ya plastiki inayouzwa kwa bei ya mkate kila kona. Heshima ya mzee kupewa kwanza imebaki, watu waliokuwa wanamzunguka hawako tena.

Sasa mwili. Tunaomba wasomaji wavumilie hesabu kidogo, kwa sababu hapa ndipo wazee wengi wanapodanganyika bila mtu kuwadanganya.

Mwili wa mzee una maji machache kuliko mwili wa kijana. Pombe huenea katika maji ya mwili; maji yakiwa machache, kipimo kilekile kinakuwa kikali zaidi katika damu. Ini nalo linafanya kazi polepole. Kwa hiyo mzee anayesema "nimekunywa chupa moja kila siku tangu miaka 40 na sijawahi kupata shida" anahesabu chupa tu. Chupa haikubadilika. Yeye amebadilika.

Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72, yenye nguvu ya asilimia 5, ina gramu 28 hivi za pombe safi. Ile chupa ndogo ya plastiki ya sentilita 20, kama kweli ina asilimia 40 iliyoandikwa, ina gramu 63 hivi: zaidi ya bia kubwa mbili, na inaingia mfukoni. Kanyanga na lotoko hazina maandishi. Hakuna anayejua nguvu yake, na zikipikwa vibaya zinaweza kuwa na metanoli, ile inayopofusha macho na kuua. Huko Ufaransa, tangu 2017, wakubwa wa afya wanashauri mtu mzima yeyote asipite glasi 10 kwa juma, wala 2 kwa siku, na awe na siku bila kunywa kabisa. Glasi moja kwao ni gramu 10. Baba yetu wa bia kubwa moja kila jioni anafika karibu glasi 20 kwa juma, mara mbili ya kiasi hicho, na yeye anajihesabu kuwa mtu asiyekunywa sana. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe ambacho mtu anaweza kukiita salama kwa afya.

Halafu kuna dawa. Mzee wa leo ana mfuko wa dawa: za tansio, za sukari, za magoti, za usingizi. Pombe juu ya dawa za tansio inaweza kushusha damu ghafla, mzee anasimama usiku kwenda nje na anaanguka. Mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri ule, mahali ambapo hakuna njia ya kufika hospitali, mara nyingi huo ndio mwanzo wa kitanda cha mwisho. Pombe pamoja na glibenklamidi ya ugonjwa wa sukari inaweza kushusha sukari mpaka mtu apoteze fahamu, na jirani watasema "amelewa tena" na kumwacha alale. Pombe pamoja na diklofenaki ya magoti inaweza kutoboa tumbo na kuleta damu. Pombe pamoja na diazepamu, ile tunayoita Valium, inayouzwa sokoni kidonge kimoja kimoja, inaweza kuzima pumzi usingizini. Ni wauguzi wangapi wanaomuliza mzee juu ya pombe kabla ya kumpa hizo dawa? Wanamuonea haya, kama sisi.

Na kuna usahaulifu. Mzee anayekunywa bila kula vizuri anakosa vitamini B1, na ubongo unaumia: anachanganyikiwa, macho hayatulii, anatembea kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Familia inasema ni uzee. Wengine wanasema ni uchawi, na tunajua maneno hayo yanafika wapi katika vijiji vyetu, hasa akiwa mama mzee. Lakini vitamini hiyo ipo, bei yake si kubwa, na ikitolewa mapema inaokoa akili ya mtu.

Tunafika sasa mahali panapotuumiza zaidi, nasi hatutapapita haraka. Ni vyumba vya maombi.

Katika miji yetu kuna vyumba vya maombi vingi, vingine vya jumuiya zetu, vingine vya watu binafsi. Familia inaleta mzee. Inaambiwa ana roho ya ulevi. Anafungiwa siku tatu, au saba, bila chakula na bila tone la pombe, watu wanaomba juu yake. Siku ya kwanza jioni anaanza kutetemeka na kutoka jasho. Wanasema roho imeanza kusumbuka. Siku ya pili anaanguka na kukakamaa kama mwenye kifafa. Wanasema roho inapigana. Siku ya tatu anaona wadudu ukutani, anaongea na watu waliokufa, hajui yuko wapi, mwili unawaka moto. Wanaongeza sauti. Wengine hawatoki wazima katika siku hiyo ya tatu.

Hayo tuliyoyaeleza yana jina na ratiba katika vitabu vya uganga. Mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka umejipanga kufanya kazi pamoja nayo. Ikikatwa ghafla, kutetemeka huanza ndani ya saa 6 mpaka 24. Kukakamaa kwa kifafa huja hasa ndani ya siku mbili za kwanza. Kuweweseka kukali, pamoja na homa na moyo kwenda mbio, huja kati ya siku ya pili na ya nne. Hiyo hatua ya mwisho inaua, na kwa mzee, kwa mwenye tansio, kwa aliyekaa bila kula na bila kunywa maji, inaua kwa urahisi zaidi. Ukilinganisha ratiba hiyo na ratiba ya kufunga siku tatu, utaona kwamba zinakutana saa kwa saa.

Hatuandiki haya ili kuzuia mtu kuombea wagonjwa. Sisi wenyewe tunaomba, na tumeona Mungu akiwafungua watu. Lakini Mungu aliyeumba ini na ubongo hapingwi na kipimo cha vitamini. Tunasema jambo moja ambalo kila mwenye chumba cha maombi angeweza kulishika hata bila kusoma shule: mzee anayekunywa kila siku asikatwe pombe ghafla bila muuguzi kujua. Kama asubuhi mikono inatetemeka mpaka anywe, kama anakunywa tangu asubuhi, kama aliwahi kuanguka kifafa alipoacha zamani, huyo ni wa kituo cha afya kwanza. Wahudumu wa afya wanaweza kumpunguzia polepole au kumpa dawa ya kutuliza mwili kwa siku chache, pamoja na vitamini B1, ambayo hutolewa mapema, kabla ya serumu ya sukari au pamoja nayo. Mtu atauliza: dawa hiyo ya kutuliza si mara nyingi ni ileile diazepamu tuliyosema inaua? Ndiyo, ni ileile. Mkononi mwa muuguzi, kwa kipimo, kwa siku zinazohesabiwa, mgonjwa akiwa hanywi, inaokoa. Ikinunuliwa sokoni na kumezwa juu ya kanyanga, inazima. Na kufunga chakula, kwa mtu huyo, kungojee mpaka apone.

Kuna kitu kingine kinachotufunga mikono, nacho ni kanuni zetu. Jumuiya zetu nyingi za Kiprotestanti mashariki zinakataza pombe kabisa, na anayejulikana kunywa anatengwa kwenye Meza ya Bwana. Hatuombi kanuni hiyo ifutwe; katika nchi iliyoharibiwa na pombe kama yetu, kanisa linalosema "hapana" lina sababu zake. Lakini tuangalie namna inavyofanya kazi. Kijana akitengwa, ana miaka mbele ya kurudi. Mzee akitengwa, anapoteza watu pekee waliobaki kumtembelea. Kwa hiyo anaficha. Shemasi anayempenda naye anafahamu kwamba akiuliza na kupata jibu, lazima apeleke jibu hilo kwenye baraza. Kwa hiyo haulizi. Matokeo yake ni kanisa ambalo kwa maandishi halina wazee wanaokunywa.

Tito sura ya 2 inaonyesha kwamba Paulo hakuona haya kuzungumza juu ya wazee na mvinyo. Anawataja wazee wanaume, anataja hata wazee wanawake wasitumikishwe na mvinyo mwingi. Maana yake katika kanisa la Krete shida hiyo ilikuwapo, na ilisemwa kwa mafundisho, ndani ya orodha ya mambo ya nyumbani. Paulo huyohuyo, katika 1 Timoteo 5, anamshauri kijana wake juu ya mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo, na wazee wetu wanaipenda sana aya hiyo. Wanaojua Biblia vizuri zaidi wanatujibu na Mithali 31:6-7, inayosema juu ya kumpa kileo mtu anayeangamia ili asahau umaskini wake. Tusikimbie aya hiyo. Inatambua kwamba maumivu ni ya kweli. Lakini ukisoma aya ya 8 na ya 9, mama yule wa mfalme anamwamuru mwanawe afungue kinywa kwa ajili ya asiye na sauti na amhukumu maskini kwa haki. Mwenye kumwachia mzee chupa yake kwa aya ya 6 na kuishia hapo, amekata neno katikati.

Na Nuhu. Tunamhubiri kwenye safina, mara chache kwenye Mwanzo 9. Ni mzee aliyepona katika maangamizi. Ulimwengu aliozaliwa ndani yake umekwisha, majirani wote wamekufa, naye anapanda mizabibu, anakunywa, analala uchi hemani. Wana wawili wanachukua nguo mabegani, wanakwenda kinyumenyume, wanamfunika bila kumtazama. Mmoja alikuwa amekwenda nje kusema aliyoyaona. Wengine wanahubiri kwamba kumfunika Nuhu ni kunyamaza. Sisi hatuoni hivyo. Wale wawili waliingia hemani. Waligusa aibu ya baba yao kwa mikono yao wakilinda heshima yake. Anayenyamaza haingii hemani.

Kuingia namna gani basi? Huko Wisconsin, Marekani, matokeo ya uchunguzi yalitolewa mwaka 1999: wazee 158 wa miaka 65 na zaidi waliokuwa wanakunywa kupita kiasi. Kundi moja lilipewa mazungumzo mawili na daktari wao, kila moja dakika 10 mpaka 15. Kundi lingine lilipewa kitabu cha afya tu. Baada ya mwaka mmoja, waliozungumzishwa walikuwa wanakunywa kwa kiasi cha theluthi moja chini. Mazungumzo mawili! Tunajua Wisconsin si Walungu wala Rutshuru, na daktari si shemasi. Lakini kilichofanya kazi pale ni kitu tulicho nacho: mtu anayeheshimiwa, anayemjua mzee, akimuuliza uso kwa uso bila kumtukana, na kurudi tena.

Mwanasaikolojia Mmarekani William Miller, aliyeanza kuandika juu ya hayo mwaka 1983, aliona kwamba mnywaji akishambuliwa anajitetea, na kadiri anavyojitetea ndivyo anavyozidi kujiaminisha kwamba hana shida. Akiulizwa vizuri, yeye mwenyewe anasema sababu za kubadilika, na sababu aliyoisema mwenyewe anaishika. Kwetu sisi wahubiri hilo ni gumu, maana tumefundishwa kusema. Mwendee mzee saa tisa, kabla ya saa yake ya kunywa, si usiku akiwa amekunywa. Mwendee ukiwa mtu anayestahili kwa umri; kijana wa miaka 25 asitumwe kumuuliza mzee wa 70 mambo hayo. Kwa mama mzee aende mama. Anza na usingizi, magoti, dawa anazokunywa, waliofariki. Halafu uliza kwa heshima: "Baba, siku hizi pombe inakusaidia wapi, na inakuumiza wapi?" Acha ajibu yote mawili. Ukitaka kujua uzito wa jambo, yako maswali manne ambayo daktari John Ewing aliyatangaza mwaka 1984, na yanafanya kazi hata chini ya mti: kama aliwahi kufikiri apunguze, kama watu wanamkasirisha wanapomsemea, kama anajisikia vibaya moyoni juu ya kunywa kwake, kama anahitaji kunywa asubuhi ili asimame. Majibu mawili ya ndiyo ni alama ya kutosha ya kumpeleka kwa muuguzi. Hilo la asubuhi, hata likiwa peke yake, lisingoje.

Baraza la paruwasi nalo lina uamuzi wa kufanya, na tunaupendekeza waziwazi: lile mzee analomwambia mtembeleaji juu ya pombe, akiwa anaomba msaada, lisifunguliwe kesi ya nidhamu. Nidhamu ibaki kwa anayeumiza wengine na kukataa kusaidiwa. Bila uamuzi huo maswali yetu mazuri yatapata majibu ya uongo.

Wala hatuanzishi kitu kipya. Mwaka 1877, huko Geneva, mchungaji Louis-Lucien Rochat alianzisha Msalaba wa Buluu, chama cha Kikristo ambacho wanachama wake waliweka sahihi kwamba hawatakunywa. Jambo lililotugusa ni kwamba hata wasiokuwa na shida waliacha pombe, ili mwenye shida asiwe peke yake mezani. Leo chama hicho kiko katika nchi kadhaa za Afrika. Familia zetu zingeweza kuanzia hapo: mzee anapoacha, na wana wake wasiache kreti la bia barazani siku ya sherehe na kumwambia avumilie.

Na saa ile ya saa kumi lazima iwe na kitu ndani yake. Mzee akiondolewa chupa na kubaki na kiti kilekile, ukuta uleule na redio ileile inayosema vita, atairudia. Paruwasi moja tunayoifahamu iliwapa wazee kazi ya kufundisha watoto hadithi za ukoo na nyimbo za zamani siku tatu kwa juma, saa kumi kamili. Ilianzishwa kwa ajili ya watoto. Wake za wazee ndio waliokuja kutuambia kwamba siku hizo tatu chupa haifunguliwi kabla ya giza.

Yule koko anayeuza kasiksi hatumsahau. Ni rahisi kumwambia aache. Alituuliza swali moja: "Na minerval ya watoto, kanisa litalipa?" Kikundi cha wamama cha akiba na mkopo kingeweza kumpa mtaji wa kuuza unga au mafuta, lakini vikundi vingi vinakataa wajane wazee wakiogopa watakufa na deni. Wenye mamlaka juu ya vikundi hivyo ni sisi. Tukikataa kumpa mtaji, tusiende kuhubiri kwenye mtungi wake.

Kwa mambo makubwa, Bukavu kuna kituo cha SOSAME, na Goma kuna Tulizo Letu, vyote vya Ndugu wa Upendo, vinavyotunza magonjwa ya akili, na shida za pombe zikiwamo. Si vya jumuiya zetu, lakini mgonjwa haulizi dhehebu la kitanda. Njia zikiwa ngumu, uliza kwanza kwa simu kama wanapokea na kama dawa zipo. Mbali na miji, kituo cha afya cha karibu ndicho mlango. Mchungaji akiongozana na mzee mpaka pale, muuguzi hatamcheka.

Na kama mzee wa kwenu ameamua kuacha au kupunguza juma hili, msimwachie alale peke yake usiku tatu za kwanza. Awe na maji ya kutosha, uji, chumvi na matunda. Dawa zake zote ziwekwe ndani ya mfuko mmoja ili muuguzi azione. Pesa ya motari iwe imewekwa kando tangu jioni. Akianza kutetemeka sana, kuchanganyikiwa au kukakamaa, msingoje kukuche.